Fundi Aliyesali Juu ya Paa

Kanisa letu la kwanza lilikuwa na mtu juu yake kila Jumapili. Wageni waliotoka Dodoma mjini walishtuka kusikia kikohozi juu ya vichwa vyao katikati ya sala, wakainua macho, na vumbi likawaingia. Sisi tulikwisha kuzoea. Mzungu wa misheni naye, vumbi likimwangukia begani akiwa anahubiri, alilipangusa kwa kiganja akaendelea na neno lake. Alijua ni Fundi anageuza ubavu.

Kanisa lenyewe lilikuwa tembe, kama nyumba zote za Ugogo wakati wa Mjerumani. Kuta zilikuwa za miti iliyokandikwa, na paa lilikuwa bapa, magogo na fito vilivyobebeshwa udongo mzito, hata mtu aliweza kuanika mtama juu yake au kulala. Leo pana kanisa la matofali na bati, na vijana wa kamati wameniomba niwaandikie historia, kwa kuwa nimebaki peke yangu ninayekumbuka. Nimewapa majina ya wamisionari, ya walimu na ya wazee wa kwanza. Huyu hawakuniuliza habari zake, wala mimi sikumtia kwenye ile karatasi. Nimeona nimwandike kando, kwa sababu yeye na orodha hawakupata kuelewana.

Jina la Fundi alipewa na Mzungu, kwa utani. Katika Ugogo kukata magogo ni kazi ya wanaume na udongo ni wa wanawake, wala hakuna anayemwita mwanamke fundi kwa sababu tu amekandika nyumba. Lakini siku Mzungu alipopanda na viatu vyake vya ngozi kukagua paa jipya, mama huyu alimshika mguu akamwambia, "Shuka. Hujaitwa." Mzungu akashuka, akavua viatu, akangoja mpaka aliporuhusiwa. Tangu siku hiyo akawa anamwita Fundi, na watu wakafuata, hata Mtemi wa pale, ambaye kwa kawaida hakufuata neno lolote la misheni.

Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye nyayo pana zilizopasuka. Ndewe za masikio yake zilikuwa zimetanuliwa kwa vipande vya mti tangu usichana, na alipokuwa kazini alizikunja juu ya sikio zisimsumbue. Mjane. Aliishi peke yake na mbuzi wachache aliowasemesha kwa upole ambao binadamu hatukuupata. Binadamu alitusemesha kwa kifupi. Kiswahili hakikuwa lugha yake, alikiokota kwa wapagazi na kwa watu wa reli, naye alikitumia vivyo hivyo alivyotumia jembe, anapiga panapohitajika kisha analiweka chini.

Udongo aliuonja. Wanawake walipoleta vikapu alichota kidogo kwa kidole, akaweka ulimini, akatema. "Huu una chumvi, utapasuka. Rudisha." Aliyebeba kikapu hicho kutoka mtoni, jua la saa sita, alirudi nacho bila kubisha. Aliupenda udongo wa kichuguu uliochanganywa na majivu na mavi ya ng'ombe, akaukanyaga mwenyewe mpaka ukakubali. Baada ya kuumwaga juu na kuupiga kwa vibao, alitembea paa zima kwa visigino, taratibu, ameinamisha kichwa. Alikuwa anasikiliza. Pale kisigino kilipotoa sauti ya utupu alichora duara kwa kijiti, na duara hilo lilifumuliwa na kuanzwa upya, hata kama ni la tatu siku hiyo na watu wote wanataka kwenda kula.

Niliwahi kumwambia kwamba anawachosha watu wa Mungu. Akanijibu, "Paa halisikii maneno, Mwalimu. Maneno sema huko chini."

Mimi nilikuwa mwalimu wa pili wa kanisa lile, na lazima nieleze nilitoka wapi, la sivyo mambo yatakayofuata hayataeleweka. Nilizaliwa upande wa Kolo, katika nyumba ya Waislamu wanaosali. Nilipoingia misheni baba yangu hakunipiga wala hakunilaani. Aliwaambia tu watu wa nyumbani wasinipakulie tena chakula. Kwa hiyo jina langu katika daftari la waliobatizwa nililinunua kwa ndugu zangu wote, nami nilililinda daftari lile kwa wivu mkubwa. Sikupenda mtu aingie humo kwa bei ndogo kuliko yangu. Wakati ule nilidhani huo ni uaminifu, nami nilijivunia.

Basi Fundi alitaka kubatizwa, na mimi ndiye niliyemzuia.

Alikuwa na binti mmoja aliyesoma shule ya misheni, akabatizwa, kisha homa ikamchukua kabla hajaolewa. Tulimzika katika makaburi ya kanisa, mahali palipozungushiwa miiba nyuma ya shule. Siku ile ya maziko Fundi alimwuliza Mzungu kama naye akifa atalazwa pale, karibu na mtoto. Mzungu akamweleza kwa huruma kwamba pale ni pa waliobatizwa tu. Fundi akasema, "Haya. Nibatizeni." Hakutoa chozi mbele yetu. Kesho yake alikuja darasani akakaa mstari wa mbele, mikono yake ina tope kavu mpaka kwenye viwiko, akaanza kujifunza amri kumi.

Alizijua upesi kuliko wote. Kikwazo kilikuwa kingine. Mtemi alikuwa na kijumba kidogo mbali na zizi, cha kuhifadhia mawe yake ya kuitia mvua, na paa la kijumba kile lilikandikwa kila mwaka na Fundi, kama mama yake alivyofanya kabla yake. Mikono ile ile iliyokandika kanisa ilikandika na nyumba ya mawe. Misheni ikasema aache. Akasema hawezi. Hakusema hataki, na nafasi iliyokuwepo kati ya maneno hayo mawili mimi sikuiona.

"Unayaamini yale mawe?" nilimwuliza.

"Sijayauliza kitu, wala hayajaniambia kitu. Nikiacha, paa litavuja. Likivuja, yatalowa."

Nilicheka. Nikamwambia, "Mawe ya mvua yanaogopa mvua?"

"Na wewe unayehubiri moto kila Jumapili, mbona ukiungua kidole unaruka?"

Watu walicheka, nami nilicheka nao, lakini jioni ile nilikwenda kwa Mzungu nikamwambia Fundi amepanda tena kwa Mtemi. Mzungu alisikitika, akachukua kalamu, akalikata jina lake katika orodha ya darasa, iliyokuwa nyuma ya daftari lile lile. Mwaka uliofuata likaandikwa tena, nami nikapeleka habari tena, likakatwa. Ilikuwa hivyo mara nne. Hakuna aliyenituma. Nilifanya kwa hiari yangu, na sitaki msomaji anitafutie udhuru.

Ni baada ya kukatwa mara ya kwanza ndipo alipopanda juu. Wasiokuwa darasani walitakiwa kukaa nje ya mlango wakati wa sehemu fulani ya ibada, nao wengi walikubali, wakakaa kivulini wakipiga soga. Yeye alisema, "Kama chini hakuna nafasi yangu, juu ninapajua." Akaegemeza gogo lake lenye makato, akapanda, akalala kifudifudi juu ya mahali pa mimbari. Jua la Dodoma halina huruma, lakini alijifunika kaniki akabaki pale mpaka baraka ya mwisho. Nyimbo aliimba pamoja nasi, ila kwa kuwa sauti zilimfikia kupitia udongo, alikuwa nyuma kwa neno moja. Tukimaliza ubeti na kunyamaza, tulisikia neno la mwisho likitoka juu, peke yake, zito.

Mahubiri aliyashika kuliko waliokaa kwenye mabenchi. Siku moja alinisubiri nje akaniambia, "Leo umesema alilisha watu elfu tano. Wakati wa mavuno ulisema elfu nne." Nikamweleza kwamba ni habari mbili, alilisha mara mbili. Akafikiri. "Mara mbili. Basi aliyekosa mara ya kwanza aliweza kurudi." Nikasema ndiyo, bila kusikia nilichoambiwa, nikaenda zangu kula.

Isije ikadhaniwa alikuwa mtakatifu. Alikuwa na ulimi mkali na aliweka kinyongo. Mke wa mzee mmoja wa kanisa alimwita siku moja mchawi wa tope, basi Fundi alikataa kugusa nyumba yao mvua mbili, na mvua ya pili ukuta wao wa nyuma ukaanguka. Alikwenda kuutazama, akazunguka kifusi chote, akasema, "Pole," akarudi nyumbani akiwa na furaha dhahiri. Alikunywa pombe ya mtama na hakuificha. Nyumba yake mwenyewe ilivuja. Nilipomtania kwa hilo alisema paa lake linamjua, haliwezi kumtisha.

Na bado nilipougua mwaka wangu wa tatu, nikiwa sina mama wala dada wa kuniuguza, yeye ndiye aliyeingia na ugali wa uwele na mlenda, akaniweka ukutani kama gunia, akanilisha. "Usife sasa," alisema. "Mvua zinakaribia, hatuna muda wa kuchimba." Alikuja siku tisa. Siku ya kumi nilisimama, na yeye hakuja tena, wala hakuruhusu nimshukuru. Miezi michache baadaye nilipeleka habari zake kwa Mzungu kwa mara ya tatu.

Sasa nije kwenye ule mchanga.

Nilikuwa nimetumwa kuhubiri upande wa Haneti, na huko nikaona mchanga wa korongo moja unaometa. Ulikuwa na vipande vyembamba, laini, ukiushika vinabaki kwenye vidole na kung'aa. Reli ilikuwa imekwisha kupita kwetu, na kila gari la moshi lilipopita niliona abiria wanavyotazama nje na kuliona kanisa letu wasilitofautishe na zizi. Jambo hilo liliniuma. Nilitaka mtu aliye ndani ya behewa aulize, Kile ni nini? na mwenzake amjibu. Nikamwambia Fundi nataka mchanga ule juu ya paa.

"Hauzuii maji," alisema. "Ni pambo tu."

"Basi uwe pambo."

"Mwalimu, unataka kulivika kanisa shanga." Lakini alikwenda. Alikwenda Haneti kwa miguu na wanawake watatu, wakarudi na vikapu vichwani, akaunyunyiza juu ya udongo mbichi na kuupiga ukashika. Asubuhi jua lilipopanda, paa liling'aa hata ukiliangalia kutoka mbali ilibidi ukunje macho. Nilifurahi kupita kiasi. Mvua ziliuosha kila mwaka, na kila kiangazi aliuweka upya.

Vita vya Wazungu vilipoanza, wamisionari wetu, kwa kuwa walikuwa Waingereza, walichukuliwa na Wajerumani wakawekwa kizuizini. Mzungu aliniachia ufunguo wa kabati na daftari, akanishika mkono, hatukuonana tena. Kanisa likawa langu. Kiangazi kile Fundi alikuja kuniuliza habari za paa. Udongo ulikuwa tayari, alitaka kujua kuhusu mchanga.

"Tuweke na sasa? Wazungu wenyewe wanapigana."

"Weka. Kanisa halina vita."

"Unang'aa sana, Mwalimu."

"Ndiyo sababu nautaka," nilisema. Aliuliza mara mbili, nami mara mbili nilisema uwekwe. Ningependa jambo hili lijulikane.

Walikuja Jumatatu, saa tatu asubuhi. Alikuwapo Mjerumani mmoja mwenye miwani, shaushi ambaye alikuwa mkubwa wa askari, na askari wanane. Walikuwa wameona mwanga kutoka mbali, ukiwaka na kuzimika kadiri mawingu yalivyopita, nao waliamini kuna mtu anawapelekea Waingereza habari kwa kioo. Walipekua kanisa, shule na chumba changu. Hawakupata kioo. Kisha askari mmoja akapanda juu, akashuka na mchanga kwenye kiganja, akamwonyesha Mjerumani. Watu wa kanisa walikuwa wamekwisha kukusanyika. Mjerumani alikijua Kiswahili vizuri, aliuliza kwa sauti ya chini, bila hasira, na hilo ndilo lililonitia hofu zaidi.

"Nani ameweka mchanga huu?"

Nilitazama ule mchanga kiganjani. Fundi alikuwa amesimama nyuma ya wanawake wenzake, mrefu kuliko wote. Akapita katikati yao. "Mimi. Paa ni kazi yangu."

"Nani amekutuma?"

"Paa ni kazi yangu," alirudia. Hakunitazama. Angenitazama hata kwa kufumba na kufumbua, shaushi angeona, maana macho yake yalikuwa yanazunguka kwenye nyuso zetu.

Mjerumani akanigeukia. "Mwanamke huyu ni mtu wa misheni?"

Nilielewa swali. Kama ni mtu wa misheni, basi misheni ndiyo iliyotuma, na misheni siku ile ilikuwa ni mimi. Nilikuwa nimesikia habari za walimu waliofungwa kamba shingoni na kupelekwa mbali. Nikasema, "Hapana, Bwana. Si mtu wetu. Hayumo katika daftari."

Hakuniamini mara moja. Basi nikaingia ndani kwa miguu yangu, nikafungua kabati, nikaleta daftari, nikamfunulia ukurasa. Nikamwekea kidole kwenye jina, mahali pa kwanza lilipokatwa, na pa pili, na pa tatu, na pa nne. Na kama kwamba hilo halikutosha, nikaongeza, "Ni mtu wa Mtemi. Anakandika nyumba ya mawe ya mvua." Ndiyo maana sitaliandika jina lake hapa. Niliwahi kulionyesha mara moja kwa mtu asiyestahili kuliona.

Mjerumani alisoma, akafunga daftari, akanirudishia. Hata alinisifu kwa kulitunza vizuri.

Aliamuru paa libomolewe, na alibomoe yeye aliyelijenga. Fundi akaomba jambo moja tu, kwamba mabenchi yatolewe nje kwanza, yasiharibike. Waumini wakayatoa. Kisha akapanda na jembe. Kazi ile ilichukua mpaka alasiri, kwa sababu alikuwa amelipiga vizuri. Sisi sote tulisimama tukitazama, hakuna aliyemsaidia, na kila kipande kilipoanguka ndani ya kanisa vumbi lilitoka mlangoni na kutufikia. Niliona aibu ambayo sijapata kuona tena maishani, na bado nilikuwa na furaha ndogo, iliyojificha, kwamba si mimi. Nayo naiandika.

Alipomaliza walimchukua. Jeshi lilikuwa likikusanya wanawake wa kusaga unga wa askari, wakipelekwa upande wa Kondoa kwenye mapigano. Alipita mbele yangu. "Mwalimu, baki salama," alisema, kama mtu anayekwenda kisimani.

Kuanzia Jumapili iliyofuata tulisali chini ya anga. Watu walikuja, wakapungua, wakaacha. Wengine walisema ni kwa sababu ya jua, na mimi nilijifanya kuamini. Mke wa yule mzee wa kanisa, aliyewahi kumtukana Fundi, aliniuliza mbele ya wote tutamwombea nani kwanza, wafalme au aliyetuwekea paa. Nikasema tuwaombee wote. Akainuka, akakunja mkeka wake, akaondoka. Mbuzi wa Fundi aliwachukua yeye akawachunga mpaka askari walipowaona wakawachinja.

Hata Mtemi alikuja siku moja, akasimama kwenye mlango wa kanisa lisilo na paa. Hakuwahi kufika pale kabla. Alichungulia ndani, akatazama juu, akaniambia, "Kwangu nako sasa kunavuja." Alisema bila ukali. Kisha akauliza kama nina habari zake, nikasema sina, akaondoka akitembea polepole kwa fimbo yake. Ilinichoma kuona kwamba mimi na yeye tulikuwa tumempoteza mtu mmoja, na kwamba yeye alikuwa na haki ya kuuliza kuliko mimi.

Fundi alirudi mwanzoni mwa kipupwe, miezi ya mwisho ya Mjerumani, wakati majeshi yalipokuwa yakirudi nyuma kutoka Kondoa na kuwatupa njiani wale wasioweza tena kubeba wala kusaga. Alitembea peke yake. Niliambiwa na mke wa mzee, ambaye alikuja mpaka mlangoni kwangu akasema bila salamu, "Amerudi. Anakwisha." Kisha akageuka.

Sikwenda siku hiyo. Siku ya pili nikajikaza. Mtu akiwa katika hatari ya kufa, mwalimu anaweza kumbatiza bila kumngoja kasisi, hilo tulifundishwa. Nikajaza kibuyu maji safi, nikachukua kitabu cha sala na daftari, nikaenda. Njiani nilijiambia namfanyia wema. Ukweli ni kwamba nilitaka kumbatiza ili mimi nipone. Kama jina lake likiandikwa safari hii lisikatwe, nilidhani, basi siku ile itakuwa kama haikuwa.

Alikuwa amelazwa nje, juu ya ngozi, ubavuni mwa ukuta unaopata jua, kwa maana alisema anasikia baridi. Kuhara kulikuwa kumemmaliza. Viganja vyake, ambavyo nilivijua kwa tope, vilikuwa na sugu mpya nyeupe za jiwe la kusagia, na vidole viwili havikunyooka. Mke wa mzee alikuwa ameketi karibu akimfukuzia nzi. Hakuondoka nilipofika, na sikuthubutu kumwomba aondoke.

"Mbukwa, mama," nilimsalimu kwa Kigogo.

"Mbukwa, Mwalimu." Alifumbua macho. "Umekonda. Nani anakupikia?"

Nikapiga magoti, nikafungua kitabu, nikamwambia nimekuja kumbatiza, kwamba maji ninayo, kwamba itachukua muda mfupi tu na jina lake litaandikwa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akakitazama kibuyu, akanitazama mimi.

"Siku ile, mbele ya Mjerumani," alisema, "ulisema mimi si mtu wenu. Ulisema kweli?"

Mke wa mzee aliacha kupunga mkono. Nilitafuta njia. Ningeweza kusema kwamba kwa mujibu wa daftari ilikuwa kweli, na hilo lisingekuwa kosa mbele ya mtu yeyote. Machozi yakanitoka, mimi niliyewahubiria watu miaka sita bila kutoa chozi.

"Nilisema uongo, mama."

"Basi nilikuwa mtu wenu."

"Ulikuwa."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza ulipopanda na kikapu cha udongo."

Alifumba macho, akivuta pumzi. Nilidhani amelala. "Mtanilaza kwa binti yangu," alisema, na hakuwa anaomba.

"Kando yake. Mimi mwenyewe nitachimba."

"Umesikia?" alimwuliza mke wa mzee.

"Nimesikia," akajibu yule mama.

Ndipo nikachota maji kwa kiganja, nikaanza kutafuta ukurasa kwa mkono mwingine. Fundi akanishika kifundo cha mkono kwa vile vidole vyake visivyonyooka. Hakuwa na nguvu, lakini sikuweza kuusogeza.

"Kama nilikuwa mtu wenu tangu siku hiyo," alisema, "haya maji ni ya nini tena?"

Maji niliyoyachota yakanivujia vidoleni.

"Nipe ninywe. Nina kiu."

Nikaweka kitabu chini. Nikamwinua kichwa, nikamtilia kibuyu mdomoni, naye akanywa kidogo kidogo, akipumzika na kunywa tena, mpaka maji yote yakaisha.